Njia Mbili Zilizokufa Sekunde Moja

Jumapili, 5 Mei

Kwa Mjomba,

Shikamoo. Shuleni tulifundishwa kwamba barua lazima iwe na dhumuni, na dhumuni likae aya ya kwanza. Nimemaliza shule na bado sijui kama habari tupu ni dhumuni. Basi nakuletea habari.

Chumba cha mashine ni baridi kuliko ulivyonieleza. Navaa sweta ya shule, nembo nimeifumua kwa wembe. Mashine zinavuma kutwa nzima, na sasa najua masikio yako yalikoishia. Mama kasema nisiandike hivyo, ni utovu wa adabu, lakini si wewe mwenyewe uliyesema ulistaafu ukayaacha masikio hospitalini?

Bosi wangu, yule uliyemfundisha kazi, hapa kila mtu anamwita Koleo kwa sababu koleo halitoki mfukoni mwake hata akienda msibani. Ananifundisha vizuri na hanicheki. Siku ya kwanza nilikaa saa nzima nikitaka kuuliza choo kiko wapi. Ndiye aliyenifuata akasema, "Mpwa wa mzee, choo ni mlango wa tatu, na hapa maswali ni bure."

Amenionyesha seva kubwa. Nilidhani kumbukumbu za wagonjwa zimo ndani yake. Kumbe zimo kwenye kabati la diski upande wa pili wa chumba, na seva inazifikia kwa nyaya mbili za faiba. Waya mmoja unapita kwenye kisanduku kinachoitwa swichi ya kwanza, mwingine kwenye swichi ya pili, na kila swichi ina laini yake ya umeme. Njia moja ikifa, seva inashika nyingine, na muuguzi kule dirishani hata hajui kama kuna kilichokufa. Nilisikia raha sana kujua hivyo. Sijui kwa nini. Labda kwa sababu mimi kitu kikikatika huwa nasimama palepale.

Ijumaa nimetia sahihi yangu ya kwanza ya kazi. Kuna fomu ya ukaguzi wa wiki, na mstari wake wa sita unasema: "Njia zote mbili zimejaribiwa kwa kuchomoa." Niliuliza, kwa sauti ndogo, kama hatuchomoi kweli. Koleo akacheka. "Mchana kweupe? Mgonjwa akiwa anapumua, humwamshi kumuuliza kama yu hai." Akanionyesha kwenye skrini: njia ya kwanza, hai, njia ya pili, hai. Nikaweka tiki, nikatia sahihi.

Kuna pia mzee wa umeme, Mzee Fyuzi. Anasema anakukumbuka, na kwamba una kikombe chake.

Mpwa wako.


Jumamosi, 11 Mei

Mpwa wangu Bi Kimya,

Marahaba. Kikombe si chake. Mwambie alikipoteza kwa halali kwenye bao, na shahidi wa mchezo ule keshafariki, kwa hiyo kesi imefungwa.

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili kwa ajili ya mama yako aliyenitumia salamu ndefu kuliko barua. Watu wananiambia ninunue simu mpya, eti ujumbe mfupi hauhitaji masikio. Ujumbe mfupi ni wa watu wenye habari fupi. Wewe mdomoni huna maneno, lakini ukishika kalamu unafunguka kama bomba. Niandikie.

Fomu ile ya Ijumaa niliiandika mimi, kwa mkono, kabla hujazaliwa. Mstari wa sita ndio niliougombania zaidi. Mganga mkuu wa wakati ule hakuelewa kwa nini mtu mwenye akili achomoe waya mzima. Nilimwambia, ngazi ya kuokolea moto hujui kama inabeba mtu mpaka umeipanda.

Kuhusu Koleo usiwe na wasiwasi. Alikuja kwangu akiwa hajui hata kukaza skrubu, nikamlea kwa miaka tisa. Nilipougua, wanangu wa kuzaa wakiwa mbali, yeye ndiye aliyeniogesha, na hakuwahi kulisema mahali popote. Anachokwambia, kifuate. Mimi hajawahi kunidanganya.

Vaa sweta mbili.

Mjomba wako.


Jumapili, 9 Juni

Kwa Mjomba,

Shikamoo. Samahani kwa kimya. Sisi hatujambo. Mama hajambo.

Nina swali la masomo tu. Ukisoma kumbukumbu za seva, ule uorodheshaji inaoufanya yenyewe kila jambo linapotokea, na ukakuta imeandika kwamba njia ya kwanza imekufa saa nne, dakika kumi na mbili, sekunde ya thelathini na moja, na njia ya pili imekufa saa nne, dakika kumi na mbili, sekunde ya thelathini na moja. Je, hilo linawezekana? Namaanisha kwa bahati mbaya tu.

Swali la pili. Tundu la faiba kwenye swichi likikaa wazi kwa miezi mingi bila waya, vumbi linaingia kiasi gani? Na tundu lililokuwa na waya mpaka juzi linakuwaje?

Tafadhali usimwandikie Koleo kwamba nimekuuliza. Nataka nimshangaze kwa kujua.

Mpwa wako.


Ijumaa, 14 Juni

Mpwa wangu,

Marahaba. Nimelifurahia swali lako kama mtu aliyeletewa chakula alichosahau kwamba anakipenda.

La kwanza. Njia mbili haziwezi kufa sekunde moja. Labda bomu lianguke, na hapo hutabaki na mtu wa kusoma kumbukumbu. Waya mmoja ukikatika, unakufa mmoja. Swichi moja ikizimika, inakufa njia moja. Ukiona zimekufa pamoja mpaka sekunde, jibu ni fupi: hazikuwa mbili. Nyaya ni mbili, sawa, lakini zote zilichomekwa kwenye swichi moja. Seva haina macho ya kuona kisanduku. Inahesabu nyaya zinazoitikia. Itakuandikia "hai, hai" mwaka mzima, na kumbe una njia moja yenye nyuzi mbili. Swichi ile ikikosa umeme, kwaheri.

La pili. Tundu lisilotumika huwekewa kifuniko kidogo cha mpira. Lililokaa wazi, ndani utaona ukungu wa kijivu. Lililochomolewa juzi linang'aa kama jicho la mtoto. Chukua tochi.

Na ukitaka kujua zaidi, angalia seva imeagizwa nini inapokosa njia zote. Baadhi huagizwa zipige kelele. Nyingine huagizwa zingoje tu, zikishikilia kila ombi mpaka njia irudi. Hizo ndizo mbaya. Hazilalamiki. Unaona skrini imeganda, unadhani ni uvivu wa mtandao.

Sasa na mimi nina swali. Barua yako ina mistari michache na imejaa "tu". Swali la masomo tu. Bahati mbaya tu. Dada yangu kaniandikia kwamba huli. Mimi ni kiziwi, si kipofu. Ni mvulana, siyo? Kama ni kijana wa maabara, nakuonya, wale huosha mikono kuliko wanavyosema kweli. Mwambie Koleo amchunguze. Atakusaidia kama kaka.

Mjomba wako.


Jumanne, 18 Juni

Kwa Mjomba,

Shikamoo. Hakuna mvulana. Ningependa angekuwepo, ingekuwa rahisi kukueleza.

Sikukudanganya kwamba ni masomo, ila nilikuficha nililosomea. Naanza mwanzo, na naomba usome mpaka mwisho kabla ya kukasirika.

Jumanne ya tarehe 28 Mei, Koleo alikuwa mkutanoni mjini. Mzee Fyuzi alikuwa na kazi ya kubadilisha breka, kile kikata-umeme, iliyoungua kwenye laini ya kwanza ya umeme. Taratibu zinasema aangalie fomu ya Ijumaa. Kama njia zote mbili zimejaribiwa, anaweza kukata laini moja. Aliiangalia. Sahihi ilikuwa yangu, ya nne. Hata hivyo akaja mpaka mlangoni, akasimama na bisibisi yake, akaniuliza, "Binti, njia zote mbili ziko sawa? Nikate?"

Nikaitikia kwa kichwa.

Sikusema hata neno moja, Mjomba. Nilikuwa najua kwamba hatujawahi kuchomoa. Nilitaka kusema, "Ngoja nimpigie Koleo." Niliona aibu kumchelewesha mtu mzima.

Akakata saa nne na dakika kumi na mbili. Swichi ya kwanza ikazimika, na njia zote mbili zikazimika nayo. Seva yetu ni ile ya kungoja. Haikupiga kelele. Kwa muda wa saa mbili watu wote wa hospitali walikuwa wanatazama kiduara kinazunguka, kila dirisha likidhani ni lenyewe tu. Sindano walikuwa wanachoma kwa karatasi na kumbukumbu ya kichwa. Mama mmoja, mwalimu wa shule ya msingi, mwili wake haupatani na dawa fulani na imeandikwa wazi kwenye faili lake, lakini faili halikufunguka. Walimchoma dawa hiyohiyo. Alivimba mpaka koo likaziba. Wamemwokoa. Alilala siku sita wodi ya nne, na kila siku nilipita pale dirishani nikamwangalia, na yeye akadhani mimi ni mwanafunzi wake wa zamani. Akanipungia mkono.

Koleo alirudi saa tisa. Alinituma nikamletee maji. Niliporudi nikamkuta amepiga magoti nyuma ya kabati, anahamisha waya mmoja wa faiba kutoka swichi ya kwanza kwenda ya pili. Hakuniona. Baadaye nilichukua tochi kama ulivyosema, japo barua yako ilikuwa bado haijafika. Nilikuuliza nikiwa nimeshaangalia, nilitaka uniambie nimeona vibaya. Tundu la saba kwenye swichi ya kwanza linang'aa. Limewekewa kifuniko kipya.

Nadhani alizichomeka nyaya zote swichi ya kwanza mwezi wa tatu, swichi ya pili ilipoharibika, akakusudia kuurudisha waya ikishatengenezwa. Nadhani alisahau. Simwoni kama mtu mbaya. Siku ya pili aliniletea chapati.

Lakini ripoti yake inasema njia zilikuwa mbili na nzima, na kwamba Mzee Fyuzi alikata laini zote mbili kwa uzembe, bila kuuliza mtu. Mzee amesimamishwa kazi. Amebakiza miezi mitano astaafu, na akifukuzwa kwa uzembe anaondoka mikono mitupu baada ya miaka thelathini na moja.

Nilimfuata getini alipokuwa anakabidhi funguo. Nikamuuliza kwa nini hakunitaja. Akasema, "Niliwaambia niliuliza. Hawakutaka kujua nilimuuliza nani. Na kuitikia kwa kichwa hakuna anayekuandika mahali, binti." Kisha akaniuliza kama umerudisha kikombe.

Koleo anajua kwamba najua. Ijumaa iliyopita alinipa fomu nitie sahihi, mkono wangu ukakataa. Akaniambia polepole, bila hasira, "Mjomba wako ndiye aliyekuleta hapa. Na mimi pia, yeye ndiye aliyenileta hapa. Ukivunja tawi, angalia umekalia lipi."

Kamati inakaa Ijumaa hii, tarehe 21. Sitangoja jibu lako nikalitumia kama kisingizio. Naogopa.

Mpwa wako.


Alhamisi, 20 Juni

Mpwa wangu,

Barua yako imefika sasa hivi na jibu nampa huyu anayekwenda posta akiwa kasimama mlangoni.

Usiseme lolote kwenye kamati. Ngoja nikuandikie vizuri. Umefanya kazi miezi miwili; Koleo nimemjua miaka ishirini na miwili. Tundu linalong'aa linaweza kuwa na sababu kumi. Pengine alikuwa anajaribu kitu. Pengine uliona nusu. Kosa la kumchafua mtu halifutiki kwa kitambaa.

Mimi namjua. Ngoja.

Mjomba wako.


Jumapili, 23 Juni

Kwa Mjomba,

Shikamoo. Barua yako ilifika Jumamosi. Nilikuwa nimeshasema Ijumaa.

Walikuwa watu watano na meza ndefu. Niliandika maelezo yangu kwenye karatasi nikawasomea, kwa sababu nilijua nikiangalia nyuso nitanyamaza. Mwenyekiti, daktari mmoja mwenye miwani, alinikatiza mara tatu: "Paza sauti, binti, hatuko maktaba." Nilipofika kwenye sekunde ya thelathini na moja, mama wa ofisi ya utumishi akauliza sekunde ina uhusiano gani na uzembe wa fundi umeme. Nikaeleza. Nadhani nilieleza vibaya. Karatasi ilikuwa inapiga kelele kuliko mimi.

Koleo alikuwa amekaa kona ya meza. Wakamuuliza. Akasema, "Ni binti mwema, ana moyo. Lakini amemaliza shule juzi, na anajilaumu kwa ile ajali. Mtu anayejilaumu hutafuta waya wa kujitundikia. Umeme ukiyumba, njia mbili zinaweza kufa pamoja." Aliyasema kwa huruma, Mjomba. Hilo ndilo lililoniuma. Kidogo nimwamini.

Nikasema, "Mimi ndiye niliyemwitikia Mzee Fyuzi. Na fomu nne nimetia sahihi bila kuchomoa. Hilo halihitaji utaalamu."

Yule mama wa utumishi akasema, "Basi kuna wawili wa kuadhibiwa badala ya mmoja," na akaandika.

Sasa iko hivi. Mwenyekiti hakuridhika na upande wowote. Amesema wanataka maandishi ya mtaalamu aliyeujenga mfumo ule, aseme kama njia mbili zilizo nzima zinaweza kufa sekunde moja. Huyo ni wewe. Kamati itakaa mara ya mwisho Jumatatu, tarehe 1 Julai, na siku hiyo Mzee Fyuzi ataambiwa kama ana kazi au hana. Koleo amejitolea kukufuata mwenyewe kuchukua hayo maandishi. Alisema mbele ya wote, "Mzee ni baba yangu, atanipa ukweli." Atakuja kwako Ijumaa au Jumamosi.

Barua yako ya tarehe 14 ninayo. Umeandika "hazikuwa mbili" kwa mkono wako. Sikuipeleka kwenye kamati. Ulikuwa unajibu swali la mpwa wako wa masomo, hukujua jibu lako linamhusu nani, na mimi nilikuficha. Sitaki kukutega kwa maneno yako mwenyewe. Kwa hiyo uko huru kuandika utakavyo.

Nilitaka kumalizia kwa kusema kwamba ukimtilia Koleo sahihi sitakulaumu. Nimeiandika sentensi hiyo mara mbili nikaifuta. Nitakulaumu. Nitaendelea kukuamkia na kukuletea dawa za kifua, lakini nitakulaumu.

Mama anasema nimekuwa na mdomo. Alisema kama anayesikitika, kisha akaniongezea mboga.

Mpwa wako.


Jumapili, 30 Juni, asubuhi

Mpwa wangu,

Marahaba, na tena marahaba.

Koleo alifika juzi saa kumi jioni na kilo mbili za sukari na karatasi iliyokwisha kupigwa chapa, inangoja jina langu tu. Alikuwa ameandika vizuri. Umeme kuyumba, hitilafu ya nadra, na kadhalika. Ningekuwa sijui kazi, ningeamini.

Unajua tunavyozungumza mimi na wageni siku hizi. Yeye anaandika kwenye daftari, mimi napaza sauti kama muuza samaki, majirani wote wanasikia upande wangu wa mazungumzo. Nikamuuliza, "Waya wa pili ulikuwa tundu gani?" Akaandika: "Swichi ya pili." Nikasema, "Sikukuuliza swichi. Nimekuuliza tundu." Fundi anayekumbuka kila tundu la chumba kile, mpaka matundu yasiyofanya kazi, hakukumbuka hilo moja.

Nikampa kitanda cha wageni, nikaingia ndani, nikalala. Sikuwa na usingizi. Nilikuwa nakasirika, na sikuwa nakukasirikia wewe tena, wala yeye.

Nikwambie jambo ambalo hata mama yako halijui. Mwaka wangu wa mwisho kazini sikuchomoa waya hata Ijumaa moja. Magoti yalikuwa yanauma, kabati liko chini, na siku moja miaka ya nyuma niliwahi kuchomoa nikakuta njia ya pili ni mbovu, hospitali ikasimama dakika tisa, na mganga mkuu akanitukana mbele ya wafagiaji. Jaribio lilifanya kazi yake, lilinionyesha ubovu, lakini nilichokumbuka ni matusi. Basi nikawa natazama skrini. Hai, hai. Tiki. Koleo alikuwa amesimama nyuma yangu, na ndiye aliyeniuliza, kama ulivyouliza wewe, "Mzee, hatuchomoi?" Unajua nilimjibu nini? Ile ya mgonjwa anayepumua. Ni yangu. Uliponiandikia mwezi wa tano kwamba yeye ndiye kaisema, niliisoma nikapita kama sijaona, nikaanza kukuhadithia ngazi ya moto. Nilijisifu kwako kwa mstari niliokuwa nimeuua mwenyewe.

Na ile ya kuweka nyaya zote kwenye swichi moja "kwa sasa", nyingine ikiwa mbovu, nayo kajifunzia kwangu. Tofauti ni kwamba mimi nilikuwa na bahati ya kukumbuka kuurudisha.

Jana asubuhi nilimwambia yote hayo. Kwa sauti, kiziwi kama nilivyo, barazani, jirani yangu wa kulia akaacha hata kufua. Koleo akachukua koleo lake, akawa analifungua na kulifunga. Kisha akaandika ukurasa mmoja, mbele na nyuma. Siku aliyouhamisha waya, mwezi wa tatu. Tundu, la saba. Siku swichi ya pili ilipopona, na kwamba alipanga kuurudisha Jumamosi, na Jumamosi hiyo mwanawe akaugua, kisha ikawa Jumamosi nyingine, kisha ikawa imesahaulika. Na saa aliyourudisha, tarehe 28 Mei, wewe ukiwa umekwenda kuchota maji. Mwisho akaandika mstari mmoja ulionihusu mimi, huo nimeubakiza moyoni.

Karatasi ya chapa sikuitia sahihi. Nimeandika yangu: kwamba njia mbili zilizo nzima hazifi sekunde moja, kwamba fomu ya Ijumaa ilianza kusema uongo mikononi mwangu, na kwamba wewe ulitia sahihi kama ulivyofundishwa na mtu aliyefundishwa na mimi. Wakitaka kupunguza malipo yangu ya uzeeni, wajue pa kunipata. Karatasi hiyo imo ndani ya bahasha hii. Ipeleke kesho, uisome wewe, na upaze sauti.

Ule ukurasa wa Koleo haumo humu. Nilitaka kuuweka. Niliuchana kabisa kutoka kwenye daftari, nikaukunja, kisha nikamrudishia. Nimeona kwamba nikiutoa mimi, nitakuwa nimemshitaki. Akiutoa yeye, ni kitu kingine. Anaweza kuutupa njiani, naelewa. Ndiyo maana sikulala vizuri na leo usiku pia sitalala.

Uliponitii kwa kumfuata Koleo, na uliponikaidi kwa kusema, kote nisamehe. Nilikuandikia "mimi namjua". Nilikuwa namjua yule wa zamani, aliyeuliza swali. Nikasahau nilimfanya nini baada ya kuuliza.

Posta Jumapili imefungwa, na nikingoja Jumatatu nitakuwa nimechelewa. Barua hii kaibeba Koleo mwenyewe. Nimemwambia asiipitishe chini ya mlango wala asimpe mama yako. Akukabidhi mkononi na angoje mpaka uimalize. Kwa hiyo sasa hivi, ukisoma mstari huu, amesimama mbele yako, na kama namjua walau kidogo, hajui mikono aiweke wapi.

Usimwache mlangoni. Mkaribishe aketi, mpe maji, na umuulize, kwa mdomo, si kwa kichwa, kama ule ukurasa bado anao.

Mjomba wako.